Shuka za Vaubrienne

Lille, 23 Agosti 2022

Mama mpendwa,

Hujambo? Goti linaendeleaje tangu wakupige ile sindano? Sisi tumerudi salama jana jioni, wazima wote, ila mkweo Thibaud ameungua shingo na jua kwa sababu hasikii la mtu.

Basi mwaka huu tumefanya kama enzi za baba: makasri saba kwa siku tisa. Maxence alianza kulalamika kwenye la tatu. "Mama, ngazi tena? Hawa wafalme hawakuwa na magoti?" Ana miaka kumi na mitatu, kila kitu kwake ni adhabu. Apolline yeye alitaka kujua vyoo vilikuwa wapi, kila kasri, na kila mwongozaji alimjibu kwa furaha kuliko alivyotujibu sisi.

Lakini nisikilize. La mwisho tuliloingia ni Vaubrienne! Unakumbuka? Lile ambalo baba hakuwahi kulibandikia pini kwenye ramani ya jikoni, kwa kuwa ulisema limefungwa. Halijafungwa, mama. Lina hata duka la jamu. Chumba kilichotuchekesha zaidi ni cha nguo. Wameweka sanamu ya dobi wa wakati wa vita, na mwongozaji, kijana mmoja mchangamfu, anasema: "Mabibi na mabwana, huyu ni Léontine, mwizi mpole kuliko wote wa bonde la Indre." Kisha anaifunua sketi ya sanamu, na ndani, kiunoni, zimezungushwa shuka za kitani zenye herufi V nyekundu! Ati alitoroka na shuka kumi na mbili za harusi za bibi wa kasri, moja moja, akipita mbele ya Wajerumani huku akiwaamkia. Watu walicheka mpaka machozi. Tulipotoka nilimpa kijana bakshishi nzuri, alistahili.

Nakutumia picha: Apolline ameshika sketi ya mwizi.

Pole na joto. Kunywa maji.

Mwanao,
Clotilde


Loches, 29 Agosti 2022

Clotilde,

Goti halijambo. Watoto wasalimie.

Picha nimeirudisha ndani ya bahasha hii. Haitakaa nyumbani kwangu.

Huyo Léontine ni mama yangu. Ni Bibi Titine, aliyekukata kucha na kukusuka nywele mpaka ulipofika miaka kumi. Ulikuwa hujui jina lake kamili? Sawa, sote tulimwita Titine. Lakini ulijua kwamba alikuwa dobi kwenye nyumba kubwa kabla sijazaliwa. Ulijua hivyo, ukasimama mbele ya sanamu ya dobi anayeitwa Léontine, kilomita kumi na nne kutoka hapa alipozikwa, na hukujiuliza hata neno moja? Ukacheka. Ukampigisha mjukuu wangu picha ameshika sketi ya mama yangu. Halafu ukampa bakshishi aliyeifunua!

Nakuandikia ilivyokuwa, kama mama alivyonieleza mimi, mara tatu katika maisha yake, bila kubadilisha kitu.

Wajerumani walikaa ghorofa ya juu ya Vaubrienne kuanzia mwaka 1940. Waliandika orodha ya kila kitu, mpaka vijiko. Walikula kuku wote wa kasri, wakachukua ng'ombe. Bwana alikuwa mateka wa vita kule Ujerumani. Bibi wa kasri alibaki na mtoto mdogo wa kiume na hakuwa na cha kumlisha. Ndipo alipomwita mama yangu chumba cha nguo, akafungua kabati mwenyewe, akatoa shuka zake za harusi, akasema: "Léontine, zipeleke mashambani. Leta siagi na mayai. Mimi siwezi kwenda, nitaonekana." Mama alikuwa na miaka ishirini na miwili. Alizungusha shuka kiunoni chini ya sketi, akapita kwenye kizuizi cha daraja. Mara kumi na mbili. Angekamatwa, wangempeleka yeye, si bibi.

Bwana aliporudi mwaka 1945 aliuliza shuka ziko wapi. Bibi aliona aibu kusema kwamba amebadilisha shuka za harusi kwa siagi ya wakulima. Alisema: "Muulize dobi." Mama alifukuzwa siku hiyo hiyo, bila barua ya kumtafutia kazi nyingine, akiwa na mimba yangu.

Umeelewa sasa wanachokicheka?

Mama yako,
Huguette


Lille, 6 Septemba 2022

Mama,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba unalala. Mimi silali vizuri tangu niliposoma yako.

Naomba radhi kwa kicheko. Naomba radhi kwa picha na kwa bakshishi. Apolline alilia nilipomweleza, naye hakuwa na kosa lolote, na hilo ningependa uliandike popote unapoandika mambo yako.

Sasa nami uniruhusu kusema. Unaniuliza kwa nini sikujiuliza. Nilijiuliza, mama! Nilikuwa na miaka tisa, tupo kwenye gari la baba, kibao cha Vaubrienne kikapita dirishani, nikauliza: "Hili je?" Ukasema: "Limefungwa." Mwaka uliofuata: "Limefungwa, paa linavuja." Uliniambia hivyo mpaka nikaacha kuuliza. Bibi Titine alikuwa hai! Alikuwa amekaa nyumbani anamenya maharage, na sisi tunazunguka nchi nzima kutazama vitanda vya watu tusiowajua!

Mimi nimenyamaza kwa dakika arobaini na tano za ziara, na sikujua. Wewe umenyamaza miaka thelathini na saba, na ulijua. Halafu mwenye hatia ni mimi?

Nijibu tafadhali.

Mwanao,
Clotilde


Lille, 12 Novemba 2022

Mama,

Sijui kama u mzima. Hupokei simu, hujibu barua. Huu ni mwezi wa tatu.

Tulikuja Loches Sikukuu ya Watakatifu Wote, wote wanne, na maua ya kaburi la baba na la Bibi Titine. Madirisha yako yalikuwa yamefungwa. Jirani yako Josiane alichungulia, akasema: "Huguette? Kapanda basi la asubuhi, kavaa koti zuri. Hajasema aendako, na mimi si mtu wa kuuliza." Josiane si mtu wa kuuliza! Hapo ndipo nilipoogopa kweli.

Makaburini tulikuta umeshatangulia, maua ya Bibi Titine yamewekwa na mawe yamesuguliwa. Maxence alisoma jiwe kwa sauti: "L. Pasquereau." Akasema, "Hata hapa hawajaandika jina lake."

Nilimwandikia mwenye kasri, Bwana Enguerrand de Vaubrienne. Nilimweleza yote kwa adabu, nikamwomba aiondoe ile sanamu, au angalau abadilishe maneno. Nakunakilia jibu lake: "Madamu, simulizi la Léontine ni urithi wa mdomo wa nyumba yetu na lilitoka kwa bibi yangu mwenyewe. Wageni wanalipenda sana, watoto hasa. Hakuna anayekusudia ubaya. Kasri limeshafungwa mpaka Pasaka. Pokea heshima zangu."

Watoto hasa!

Nimeandika tena. Lakini wewe niandikie, hata mstari mmoja. Nitukane ukitaka.

Mwanao,
Clotilde


Loches, 20 Novemba 2022

Binti yangu,

Mimi ni mzima. Nisamehe kwa kuwahangaisha siku ile, nilipoambiwa kwamba mlikuja nilikaa jikoni nikashindwa kuvua koti. Thibaud hajambo? Na watoto je?

Nimechelewa kukujibu kwa sababu ulisema kweli na nilikasirika. Nilifungua shajara yangu ya mwaka 1985. Tarehe 4 Agosti, Jumapili, nimeandika: "Montrésor, mvua kidogo, mkate wa nyama ya sungura. C. ameuliza kuhusu V. Nimemwambia limefungwa." Mstari huo mmoja. Nimeandika mkate kwa urefu kuliko uongo.

Uliuliza kwa nini. Shuleni waliniita binti wa mwizi. Wavulana walikuwa wananizunguka uwanjani: "Huguette, funua sketi tuone shuka!" Mwalimu alisikia, akatupa mgongo. Mama akasema nitembee kichwa juu, nami nilitembea hivyo, lakini nilipokuzaa wewe niliapa kwamba wewe hutalazimika. Nilidhani nikilifunga domo, jambo litakufa. Kumbe wenzetu hawakulifunga la kwao. Wamelitengenezea sanamu na wanalikatia tiketi.

Siku ile mliyokuja nilikuwa nimeenda shamba la La Gitonnière. Mama alikuwa akilitaja: siagi ilitoka huko. Nilimkuta Raymonde, mjane wa mtoto wa nyumba ile, ana miaka themanini na sita. Nilijitambulisha. Alinitazama kutoka viatu mpaka kofia, akasema: "Umechelewa, dada. Nilidhani utakuja ukiwa msichana."

Akanipeleka chumbani, akavuta blanketi. Clotilde, analalia shuka ya Vaubrienne mpaka leo! Kitani kizito, herufi V kwa uzi mwekundu, namba 7.

"Mama mkwe wangu alikuwa na nne," akasema. "Bibi wa kasri alikuja mwenyewe Jumapili baada ya misa kumshukuru kwa mayai. Kwa sauti ya chini, lakini alikuja. Kila mtu huku anajua."

"Anajua? Na mmekaa kimya tangu vita?"

"Usinipandishie sauti kwenye chumba changu cha kulala."

"Nitapandisha! Mama yangu ameoga matope miaka themanini, nanyi mnalalia ushahidi!"

Akaketi kitandani. "Mashamba yote haya, kuanzia pale kwenye miti ya mipopla mpaka mtoni, tunakodi kwa watu wa kasri. Mwanangu anakodi. Mkataba unaisha mwaka kesho. Sema unachotaka, dada, ila jina langu usilitaje."

Alinipa kahawa. Niliinywa, na sijui kwa nini niliinywa.

Kwa hiyo usimtaje. Wala shamba.

Mama yako,
Huguette


Lille, 15 Januari 2023

Mama mpendwa,

Heri ya mwaka mpya tena, ingawa tulishasema kwa simu. Watoto wamefurahia chokoleti. Mimi mzima, nimechoka tu, na nina hasira ambayo sijui niiweke wapi.

Simu haikutosha kukueleza, nataka uyaone maneno yenyewe. Katika barua yangu ya pili nilimwambia yule bwana kwamba shuka bado zipo, kwamba kuna watu wanaozilalia mpaka leo kwa sababu bibi yake alizitoa kwa mkono wake. Sikutaja mtu wala shamba. Jibu limekuja: "Madamu, habari yako imenigusa sana. Ikiwa unajua zilipo shuka zilizoibwa, familia yangu ingefurahi kurudishiwa mali yake. Tungeziweka kwenye onyesho, karibu na Léontine."

Soma tena, mama. Tunampa ushahidi kwamba hakuibiwa, anaomba arudishiwe alichoibiwa!

Nilikwenda kwa wakili, yule mwenzake Thibaud wa mchezo wa tenisi. Akasema, "Aliyekufa si rahisi kumtetea mahakamani. Itabidi uthibitishe kwamba wanakusudia kukuumiza wewe, na wao hata hawakujui." Thibaud anasema tuliache. "Ni sanamu, Clo. Plastiki na wigi." Nikamwambia avae yeye sketi, tumuite jina la mama yake, tuwaite majirani walipe kuingia. Amelala sebuleni siku mbili.

Nimeishiwa na njia. Kama unayo, nionyeshe.

Mwanao anayekupenda,
Clotilde


Loches, 22 Aprili 2023

Binti yangu,

Natumaini nyote ni wazima na kwamba Thibaud amerudi chumbani. Mimi ni mzima kuliko nilivyokuwa kwa miaka mingi. Goti linauma, lakini sasa linauma kwa sababu.

Nilikuficha jambo tangu Pasaka. Sikutaka kukuambia kabla sijajua kama naliweza. Nakupa kwa tarehe.

Jumamosi tarehe 8, kasri lilipofunguliwa, nilipanda basi nikaenda Vaubrienne. Mara ya kwanza katika maisha yangu. Msichana wa tiketi akasema kwamba kwa wazee kuna kadi ya msimu, unaingia upendapo mpaka Novemba. Nikainunua. Nilifuata kundi. Chumba cha nguo ni kidogo kuliko nilivyodhani na dirisha lake ni zuri. Kijana wako mchangamfu, anaitwa Gauthier, alifunua sketi. Watu wakacheka. Nami sikusema kitu, Clotilde. Nilitoka na wenzangu, nikakaa kituo cha basi, nikaona kwamba nimekulaumu kwa jambo ambalo mimi mwenyewe, nikijua kila kitu, nimeshindwa.

Jumamosi tarehe 15 nilirudi. Alipoinama kushika sketi nikasema: "Iache hiyo sketi, bwana mdogo."

"Samahani, madamu?"

"Huyo ni mama yangu. Ungependa nimfunue wako?"

Mzee mmoja kutoka Nantes akasema, "Madamu, sisi tumelipia ziara." Nikamjibu, "Nami nimelipia, tena msimu mzima. Nipe dakika nne." Nikasimulia. Sikulia wala sikupaza sauti. Mke wake yule mzee akamwambia, "Umeona sasa? Wewe na haraka zako."

Leo, tarehe 22, nilimkuta Bwana Enguerrand mwenyewe ananisubiri chumba cha nguo, na kundi la watu kama ishirini nyuma yangu. Mrefu, sweta ya kijani, sauti ya kanisani.

"Madamu Pasquereau, naheshimu hisia zako. Lakini hapa tunaeleza historia. Una ushahidi gani?"

"Nikuulize mimi kwanza. Baba yako alizaliwa mwaka gani?"

"1938. Kwani?"

"Hapa hapa?"

"Hapa hapa, katika chumba cha juu."

"Alikuwa na miaka minne baridi ya 1942. Hapa mlikuwa na kuku?"

Akatabasamu akiwatazama wageni. "Wajerumani waliwala wote, madamu. Gauthier anaeleza hilo jikoni."

"Anaeleza vizuri, nimemsikia mara tatu. Na ng'ombe?"

"Waliwachukua."

"Basi baba yako alikula nini?"

Alifungua mdomo. Nadhani alikuwa na jibu tayari, kwa kuwa alilisema upesi, kama mtu anayesema jambo alilolisikia mezani tangu utotoni: "Mayai. Baba alisema daima kwamba kilichomwokoa ni mayai na—"

Hakumaliza. Nikammalizia mimi: "Na siagi."

Bibi mmoja kutoka Ubelgiji akauliza, "Kwa hiyo hayo mayai yalipanda ngazi yenyewe?" Wakacheka, Clotilde, kundi zima, lakini safari hii hawakuwa wakimtazama mama yangu.

Akawa mwekundu mpaka masikioni. Akasema kwamba bibi yake asingeweza kusema uongo. Nikamwambia kwamba bibi yake alikuwa na njaa, mtoto na aibu, na kwamba simchukii kwa hayo. Namchukia kwa siku moja tu, ile aliyosema "muulize dobi." Na yeye Enguerrand namkasirikia kwa kila Jumamosi. Akasema, "Ziara inaendelea," akatoka kwa mlango ambao wageni hawaruhusiwi.

Sanamu bado ipo. Maneno kwenye kibao ni yale yale. Usidhani nimeshinda. Lakini Gauthier alinifuata bustanini akasema kwa sauti ndogo, "Madamu, mimi naandikiwa cha kusema. Jumamosi ijayo tukifika pale nitanyamaza. Utasema wewe?" Nikamwambia nitasema, na kwamba kunyamaza kwake hakutoshi, na safari nyingine alete kiti.

Kadi yangu ni mpaka tarehe 5 Novemba. Hiyo ni Jumapili. Jumamosi zilizobaki ni ishirini na nane.

Mama yako,
Huguette


Lille, 25 Aprili 2023

Mama yangu,

Hujambo, hujambo, hujambo. Nimesoma barua yako nimesimama mlangoni, kisha nikamsomea Thibaud, kisha mezani kwa watoto, na mara ya tatu Maxence ndiye aliyesoma. Thibaud amesema niandike hapa, kwa maneno yake mwenyewe, kwamba alikuwa mjinga.

Shule zimefungwa mpaka wiki ijayo. Tumekata tiketi nne za Vaubrienne za Jumamosi hii, ziara ya saa nane na nusu. Usituhifadhie nafasi wala usitusalimie mlangoni. Tutaingia kama familia nyingine yoyote na kukaa nyuma ya watu, maana nataka nikusikie ukisimulia kama unavyowasimulia wageni, tangu mwanzo, bila kunionea huruma.

Apolline ataleta kiti cha kukunja, hataki kumsubiri huyo Gauthier. Na Maxence ameniuliza kama pale ndani, mtu akimuuliza Léontine ni nani wake, ana ruhusa ya kusema.

Nimemwambia asisubiri kuulizwa.

Binti yako, mjukuu wa Léontine,
Clotilde